Nyumba ya Kuku Iliyotazama Kusini

Mama yangu Ngoie,

Nakuita mama kwa sababu unalo jina la mama yangu, na kwa sababu leo nina jambo ambalo mtoto huliungama mbele ya mama yake. Umeenda Ruashi kumuaga shangazi yako, nami ninamjua dada yangu: hatakuachia urudi mpaka ule bukari mara mbili. Kwa hiyo ninao mchana mzima. Nimetoa meza nje, nimekaa karibu na ukuta wa jikoni ambapo jua linafika, na nimeandika mistari hii minne kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa amemaliza barua.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukupa yote tangu Jumatatu: maji ya kuchemsha, sweta ya asubuhi, sanduku usimpe mtu akushikie stesheni hata akiwa amevaa msalaba mkubwa namna gani. Jana nilimsikia anaanza upya kutoka mwanzo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huko Kamina, kwenye shule ya wauguzi, watakutazama mguu siku za kwanza, halafu watazoea, na wewe utazoea. Mimi nina neno moja tu.

Neno lenyewe ni hili: hukuacha mlango wazi.

Najua huna haja ya kuuliza mlango upi. Jumapili iliyopita, ulipomwambia mama yako kwamba huendi tena, mimi nilikuwa nyuma ya dirisha nafunga viatu. Nilisikia kila kitu. Ulisema, "Mama, mie siendi. Bale batoto banazaliwa mbele ya wakati, muntu anabachunga usiku muzima asisinzie. Na mie niko muntu ya kusahau. Nilisahauka mulango, kuku zikakufa zote." Mama yako akakujibu, "Ee Ngoie! Ile mambo ya zamani. Ulikuwa mutoto tu." Unaona mama yako alivyokupoza moyo? Alikusamehe, nawe ukakubali kufunga sanduku. Na mimi, mtu pekee katika Lubumbashi nzima anayejua kwamba huna cha kusamehewa, nikaendelea kufunga viatu. Nilifunga kiatu kimoja mara tatu.

Miaka kumi na moja, mwanangu. Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, maana jambo hili halikuanza na mlango. Lilianza na kitabu.

Siku zile Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima, tunafagia mitaro ya kambi ya kampuni sote, na mchana napanda baiskeli kwenda mjini, maktaba. Wenzangu wa karakana walikwenda kunywa. Mimi nilikwenda kwenye chumba kile kikubwa chenye sakafu ya kung'aa, mahali ambapo hata kikohozi kilikuwa na adabu. Jua liliingia kwa madirisha marefu, likalala juu ya meza, na mimi nilikaa ndani yake nikasahau kelele za pampu ninazozitengeneza wiki nzima. Wakati mwingine sikusoma. Niligeuza kurasa tu, nisikie sauti yake.

Mlinzi wa vitabu alikuwa Mzee Radjabu. Watu wake walitoka Maniema, baba yake alikuwa mshona viatu, na yeye alivaa abakosti, koti lile lisilo na tai, kama serikali inavyotaka na kofia yake iliyodariziwa kama mama yake alivyotaka. Kiswahili chake kilikuwa safi kama maji ya kisima. Hiki ninachokuandikia nilikiokota kwake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mdomoni nimebaki na cha Lubumbashi, unanijua.

Siku moja nikakuta vitabu vitatu vya kuku. Kimoja kilikuwa cha magonjwa, kinatisha. Kimoja kilikuwa cha watoto. Cha tatu kilikuwa kinene, cha Kifaransa, kinafundisha mtu mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba afuge kundi lake mwenyewe. Juu yake palikuwa na kuku mweupe mwenye upanga mwekundu kichwani, anamtazama msomaji kwa jicho moja kama anayejua siri yake. Nilivichukua vyote vitatu, lakini kile cha tatu sikuweza kukiacha. Wiki mbili zikiisha nakirudisha, Mzee Radjabu anapiga muhuri, nakichukua tena. Alipochoka akaniambia, "Baba Ngoie, kitabu hiki umekioa? Basi lete mahari!"

Kadi yangu ya maktaba ilikuwa na jina la ubatizo. Serikali ilipoamuru tuache majina ya kizungu, Mzee Radjabu alilipiga mstari mmoja wa kalamu nyekundu, akaandika juu yake jina la babu yangu. Nilikaa siku ile nikijiuliza ni nani kati ya watu hao wawili aliyeazima kitabu cha kuku. Mpaka leo sijui. Wote wawili walikipenda kitabu.

Na wewe ulikipenda. Unakumbuka? Ulikuwa hujajua kusoma Kifaransa, unakaa gotini pangu, tunafungua picha ile kubwa ya katikati: kuku weupe chini ya miti yenye maua, na majani ya maua yamelala chini kama manyoya. Uliuliza, "Papa, hii kuku iko wapi?" Nikakujibu, "Ku Bulaya." Ukasema, "Inatusikia?" Nikasema inatusikia, kwa hiyo tusipige kelele. Tulikaa kimya mimi na wewe, jioni ile yote, tukiwasikiliza kuku wa karatasi. Mama yako alitoka na sufuria, akatutazama, akarudi ndani. Kama nimewahi kuwa na furaha isiyo na kasoro, ni siku ile.

Kutoka hapo nikaota. Kutaga mayai, kuuza mayai, haikuwa hiyo. Niliota weupe. Nikisinzia kwenye kiti baada ya kazi naona kuku weupe wanapanda mlima mweusi wa mabaki ya shaba, mmoja nyuma ya mwingine, polepole, na bomba kubwa linatoa moshi wake kama kawaida, na hakuna anayewafukuza. Nilikuwa naamka na tabasamu. Mama yako akiniuliza nacheka nini nasema, "Kuku." Anasema, "Mungu wangu, nimeolewa na mbweha."

Jumapili baada ya Misa majirani walikuja kunisikiliza. Baba Kyungu wa nyumba ya pili, dereva wa treni ya kampuni, alikuwa wa kwanza. Aligeuza ndoo akakaa. Nasoma Kifaransa kwa sauti, halafu nageuza Kiswahili. Habari ya maji, habari ya viota, habari ya kumshika kuku bila kumvunja bawa. Wakaanza kuniita Muntu wa Bitabu. Ngoie, jina lile lilinilewesha. Nililipenda kuliko la ubatizo na kuliko la babu, na ndilo lililonipoteza.

Sasa sikiliza. Kitabu kilisema nyumba ya kuku itazame kusini. Upande huo uwe wazi, wavu tu, ili jua la miezi ya baridi liingie ndani. Na upande wa kaskazini uwe ukuta mtupu, kwa sababu huko ndiko upepo wa baridi unakotoka. Niliwasomea majirani mstari huo mara mbili, kidole juu. Nikapima, nikapiga vigingi, nikaanza kupanga matofali. Mama yako alikuwa anaanika nguo. Akasimama, akatazama vigingi vyangu, akatazama mbingu.

"Baba Ngoie," akasema, "mu mwezi ya sita jua inapitaka huku." Akaonyesha upande wa ukuta. "Na mupepo inatokaka kule." Akaonyesha upande wa wavu. "Unafungulia kuku mulango ya baridi."

Baba Kyungu alikuwepo. Majirani wawili walikuwepo. Unajua nilijibu nini? Nilijibu, "Kitabu imeandika." Akasema, "Kitabu iliishaka kulala hapa kipwa ngapi?" Watu wakacheka. Kipwa yeye alizihesabu kwa vidole vyake vilivyokufa ganzi akifua kila mwaka wakati huo wa baridi na ukavu. Mimi nilikuwa nahesabu kurasa. Nikamwambia mbele ya watu arudi kwenye nguo zake. Akarudi. Neno lile bado linaniuma, na hilo si hata kosa lenyewe.

Nyumba ikasimama. Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Mlango niliuweka ubavuni, ubao mnene, na badala ya kufuli ulifunga wewe kwa kipande cha kitenge cha mama yako, fundo lako la ajabu ambalo hakuna aliyeweza kulifungua bila kutumia meno. Hiyo ilikuwa kazi yako ya kila jua likizama. Ulikuwa na miaka minane, na uliichukua kazi ile kwa uzito kuliko mkuu wa kambi alivyoichukua kambi.

Mitetea yetu mitatu iliatamia. Kabla vifaranga hawajatoka ulikuwa unachukua yai, unaliweka sikioni, unafumba macho. "Papa, iko inapiga hodi." Nikaweka sikio na mimi. Kweli, ilikuwa inapiga hodi, taratibu, ndani kabisa. Walitoka thelathini na mmoja. Ulitaka kuwapa wote majina, ukaishiwa, ukaanza kutumia majina ya watakatifu, ukaishiwa hao pia. Hawakuwa weupe, walikuwa wa rangi zote za kuku wa kwetu. Mimi niliwaona weupe tu.

Mwezi wa sita ulipofika mama zao walikuwa wamewaacha, na manyoya yao yalikuwa bado hayajajaa, miguu mirefu, shingo wazi. Usiku mmoja upepo ukaanza. Unaujua upepo wa kwetu wa kipwa, hauna mvua, hauna wingu, unapita tu, na bati linaimba.

Nilikuwa na zamu ya alfajiri. Niliamka kabla ya wote, nikachukua taa, nikasema nipitie kuku kwanza. Na hapa, mwanangu, naomba usome polepole, kwa sababu mimi naandika polepole.

Mlango ulikuwa umefungwa. Kitenge kilikuwa mahali pake, fundo lako lilikuwa mahali pake. Nilihangaika nalo kwa vidole, vidole vikashindwa kwa baridi, nikalifungua kwa meno. Naikumbuka ladha ya kitambaa kile. Nikaingiza taa. Vifaranga walikuwa wamejazana kwenye kona moja, mmoja juu ya mwingine, kama nguo zinazongoja kufuliwa. Nikagusa. Nikamtoa mmoja, nikamtoa mwingine. Chini kabisa mmoja alikuwa na joto bado, nikamtia ndani ya shati, akakaa kidogo, halafu joto likawa langu tu. Mitetea mitatu ilikuwa juu ya kijiti, hai, inanitazama.

Na upepo ulikuwa unaingia kwa wavu moja kwa moja usoni pangu. Kutoka kusini. Nilijua palepale. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilisikia sauti ya mama yako inasema mulango ya baridi, nikaona vidole vya watu wa Jumapili, nikasikia watakavyocheka. Nikatoka nikaenda kukaa jikoni gizani. Sikumuamsha mtu. Mlango nikauacha unaning'inia.

Baba Kyungu alipita akienda kazini, akaona. Akapiga kelele: "Mulango iko wazi! Mama Ngoie! Kuku zimekufa!" Nyumba zikafunguka. Mama yako akatoka, wewe ukatoka miguu mitupu. Mama Kyungu, mke wake, akauliza, "Nani alifungaka jana?" Wala hakuwa na ubaya, aliuliza tu kama watu wanavyouliza. Ukasema, "Ni mie."

Kisha ukanitazama. Ulikuwa unaningoja mimi niseme kitu, nilijua hivyo wakati ule na najua sasa. Ulikuwa unakumbuka fundo lako. Macho yako yalikuwa yanasema, Papa, nilifunga, si nilifunga? Ungenitazama dakika moja zaidi labda ningesema. Lakini ukaanza kutazama mikono yako mwenyewe, kwamba pengine haikufunga.

Unajua nilisema nini? Unakumbuka, najua unakumbuka, kwa sababu umewahi kunishukuru kwa neno lile, na siku ile nilitaka ardhi inimeze. Nilisema, "Bon. Ni mutoto. Musimupige."

Wakanisifu. Mama Kyungu akasema, "Baba Ngoie iko na roho muzuri." Ngoie, nilisifiwa kwa huruma juu ya kosa langu mwenyewe, nikaipokea sifa, nikapanda baiskeli nikaenda kazini. Ulipokuwa unachimba shimo nyuma ya migomba kwa kijiko cha jikoni, mimi nilikuwa karakana nafungua pampu.

Jumamosi nikarudisha kitabu. Mzee Radjabu akashangaa: "Leo unaachana na mkeo?" Nikamwambia habari ya upepo. Ya mlango sikumwambia. Akafungua ukurasa wa kwanza, akanionyesha mahali kilipochapwa, kule Ubelgiji. "Kwao," akasema, "miezi ya baridi jua hupita kusini. Sisi tuko upande mwingine wa dunia, ndugu yangu; mwezi wa sita jua letu hupita kaskazini. Kitabu hakikukudanganya. Kilikuwa kinaongea na mtu mwingine." Halafu akauliza kwa upole, "Mkeo hakukuambia kitu?" Nikasema aliniambia. Akapiga muhuri wake, akafunga kitabu, akakipangusa jalada kwa mkono wa koti, na hakunilaumu.

Nilipotoka zamu wiki iliyofuata nikakuta nyumba ya kuku imegeuzwa. Mama yako na Baba Kyungu walikuwa wamejenga ukuta pale palipokuwa wavu, na ukuta wa kaskazini wameuvunja, wavu wameuhamishia huko. Jua lilikuwa limelala ndani kote. Baba Kyungu akashindwa kujizuia: "Muntu wa Bitabu, kuku zako zinasomaka Kifaransa. Zetu zinasomaka jua!" Avenue nzima ikacheka, siku tatu. Na mimi nikacheka. Kumbe kuchekwa hakuui. Kile nilichokiogopa alfajiri ile, kile kilichonifanya nikuuze wewe, kilikuwa ni kicheko cha siku tatu.

Hapo ndipo ningeweza kumaliza jambo lote. Upepo ulikwisha kujulikana, watu wamecheka, wamesahau. Ukanijia jioni ukiwa umenisikia nikicheka nao, ukashika suruali yangu. Ukauliza, "Papa, kama mulango ingefungwa, zingebakia?"

Nikasema, "Labda."

Hilo ndilo kosa, mwanangu. Alfajiri nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anaweza kufanya upumbavu. Lakini jioni ile sikuwa na hofu. Nilikuwa nimechoka tu, nilikuwa naona aibu ndogo, nikatafuta neno fupi linalonipitisha, nikalipata. Labda. Neno la herufi tano limekaa juu yako miaka kumi na moja.

Nimeliona likikaa. Nilikuona una miaka kumi, unainuka kitandani kwenda kujaribu komeo, unarudi, unainuka tena. Nilikuona umekataa kumshika mtoto wa shangazi yako siku ya ubatizo wake, ukasema una mafua. Mama Kyungu alipokuletea kifaranga zawadi ukamrudishia, ukasema mkono wako si mkono wa kufuga, na watu wakakuona una adabu kupita kiasi. Kila mara nilisema moyoni, kesho nitamwambia. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi yangu ndani ya mwili wa mtoto wangu.

Nisikufiche na hili. Nimejaribu kujitetea. Nilisema, kumbe imemfanya mwangalifu, tazama anavyosoma, tazama shule imemchukua kati ya wengi. Labda ni faida. Unaona? Labda nyingine. Nimekuwa hodari wa neno hilo. Lakini wewe ulikuwa mwangalifu kabla. Mtu anayefunga fundo linalohitaji meno hakuhitaji kufundishwa uangalifu na mimi. Nilichokuongezea ni woga tu, ukauchukua kama sehemu ya mwili wako.

Siwezi kukushauri sana juu ya kazi unayokwenda kujifunza. Mimi ni mtu wa pampu. Watakupa vitabu vinene, na wewe utavipenda, umerithi. Vipende. Sijawahi kukichukia kitabu kile. Bado naona kuku wake wakati mwingine, na miti yake, na bado nafurahi. Ila ukikuta kimesema jambo, na mama mmoja mzee anayefagia wodi akasema jua la hapa linapita huku, weka kitabu chini uende naye dirishani utazame. Mimi sikwenda dirishani. Mama yako alikuwa amesimama hatua nne kutoka kwangu na nguo mbichi mikononi.

Na ukikosea, maana utakosea, hakuna aliyeshika kazi asikosee, sema siku ile ile. Hata kwa sauti mbaya, hata ukilia, hata mbele ya mtu atakayekucheka. Kosa la siku moja lina uzito wa siku moja. Langu nimeshindwa kulinyanyua hata sasa. Nalisukuma tu kwa kalamu.

Nilikuwa nimepanga hivi: nikimaliza, nikunje karatasi, niziweke katikati ya blanketi zako ndani ya sanduku. Utazikuta njiani, au Kamina kabisa, ukiwa mbali na uso wangu. Nilijiambia ni kwa ajili yako, usome kwa utulivu. Sasa nimezisoma tena tangu mwanzo, na namuona mtu yule yule wa alfajiri ile. Anafungua, anaacha wazi, anaondoka kimya, anamwachia mtoto asimame peke yake mbele ya alichokiona.

Hapana. Siziweki sandukuni.

Nitakusomea. Mama yako akae, naye hajui habari ya fundo. Kwake pia nina deni la maneno, na lile la nguo mbichi. Na nitamwita Baba Kyungu na mkewe, kwa sababu mbele yao ulisema ni mie, na mbele yao nilisifiwa. Nitasoma yote, na pale penye Musimupige nitasoma kwa sauti ile ile niliyosemea. Watakaponyamaza, wanyamaze. Baba Kyungu akipata la kunichekesha, nitakuwa sistahili kucheka.

Wewe usiharakishe kuniambia, "Haiko neno, Papa." Nakujua, utataka kusema hivyo kabla sijamaliza, kwa kuwa una huruma, na huruma yako ni ya kweli. Kaa nalo. Kama unataka kunikasirikia, nikasirikie. Hasira hiyo ni mali yako, nilikuibia pamoja na mengine. Kama utapanda treni kesho bila kunishika mkono, nitasimama stesheni nikupungie hivyo hivyo. Lakini panda. Ni kwa ajili ya hilo tu naandika. Wako watoto wadogo sana huko wanaohitaji mtu anayefunga vizuri na anayeamka kuangalia, na mtu huyo ni wewe. Ulikuwa wewe ukiwa na miaka minane.

Nasikia unamsalimia Mama Kyungu pale barabarani, unamwambia shangazi amekulisha mpaka huwezi kutembea, naye anacheka. Yupo, basi. Nainuka na karatasi hizi mkononi, wino haujakauka, kabla sijapata sababu ya kungoja.

Baba yako